Wandera Alizima Mtawanyiko

Alhamisi, Tororo. Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Nimekaa na kompyuta mapajani, nimevimba kwa hasira.

Wandera amenigeuka.

Ngoja niandike polepole. Hajati, mwenye kliniki kule Busia, alinunua mashine ya eksirei, akataka kujua kama ukuta kati ya chumba cha mashine na mapokezi unatosha au uongezwe unene. Mimi ndiye niliyesomea mambo ya mionzi. Wandera, niliyesoma naye na ambaye ni kama ndugu kwetu, ana kompyuta yenye nguvu. Tukagawana kazi: mimi nikachora vyumba ndani ya programu, yeye akaiendesha. Programu yenyewe inarusha miale ya kubuni na kuonyesha kwa kidoti kila mmoja umeishia wapi.

Picha aliyoniletea ilikuwa safi. Upande wa mapokezi haukuwa na doa hata moja. Nikafurahi kama mjinga, nikaandika ripoti, nikatia sahihi, Hajati akaanza kazi. Mdogo wangu Athieno ndiye anayepokea wagonjwa pale, mgongo wake ukutani, na ni mjamzito.

Leo nimefungua faili ya Wandera nibadilishe rangi tu. Nikaona kwenye mipangilio: mtawanyiko, umezimwa.

Kwa asiyejua, miale ikimfikia mgonjwa haipiti yote moja kwa moja. Mingine inagonga mwili na kuruka kila upande. Umeme ukikatika ukamulika tochi ukutani, si unamwona hata aliyekaa pembeni? Basi ndivyo. Ukizima mtawanyiko, programu inajifanya kila mwale umenyooka kama uzi. Mashine ya Hajati inaelekea ukuta mwingine kabisa, kwa hiyo mapokezi lazima yangetoka meupe. Watu huzima wakiwa bado wanajaribu, ili kompyuta isichelewe, halafu wanawasha. Wandera anajua hilo kuliko mimi.

Nimewasha. Nimesubiri mpaka chai ikapoa. Vidoti vimejaa mapokezi, na vingi zaidi viko palepale nilipochora kiti cha Athieno.

Nikampigia Wandera. Nilitaka aseme alisahau. Haki ya Mungu ningemsamehe.

"Dada, niligundua ukiwa umeshampa Hajati ripoti," akasema. "Ungeonekana vipi mbele yake? Nikaona tunyamaze kwanza, ukuta tutasema uongezwe baadaye."

Yaani alijua. Jumapili alikuwa hapa nyumbani, akala kuku aliyepikwa na Athieno, akamtania kuhusu jina la mtoto. Muda wote huo alijua. Eti ananilinda mimi! Nani alimtuma?

Nikamkatia simu, nikampigia Athieno aondoke pale haraka. Akanicheka.

"Mimi nilishahama zamani, dada. Wandera si alipita hapa akasema ukuta ule una baridi, haifai kwa mimba? Akanibebea kiti mwenyewe mpaka karibu na mlango."

Nikalia. Nilipumua pia, siwezi kudanganya, na kwa dakika moja nilimshukuru yule mtu. Ndicho kinachonichoma zaidi. Alipata nguvu ya kubeba kiti, akakosa mdomo wa kuniambia ukweli.

Kisha nikamuuliza Athieno pale ukutani sasa kuna nini.

"Benchi," akasema. "Akina mama wenye watoto wanapapenda, jua halifiki."

Sikumaliza hata kumuaga. Nikampigia Hajati, nikamweleza yote, pamoja na sahihi yangu iliyo kwenye ripoti. Ameamuru mashine izimwe na ameshafunga chumba. Nilijiandaa kutukanwa, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Na wale waliokwisha kukaa pale, mwanangu, tutawaambia nini?"

Wengi wao hawatadhurika, najua, kiasi chenyewe ni kidogo. Lakini hilo ni la kuwaambia wao, si la kujiambia mimi ili nilale.

Wandera anapiga simu tena. Inaita, sipokei. Sijui kama urafiki huu utapona, na leo sina moyo wa kuujali.

Kesho asubuhi nakwenda Busia. Nitasimama mlangoni mwa kliniki, na kila mama atakayerudi na mtoto wake nitamweleza kwa mdomo wangu mwenyewe.