Majina Nyuma ya Picha

Papa Bahati,

Ni Furaha, yule mwanafunzi wako mwenye kichwa kigumu. Nakuandikia kwa sababu nimechoma picha ulizopiga, na sitaki uambiwe na mtu mwingine.

Tangu tukuzike, Bukavu si ile uliyoiacha. Wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba, wanafungua simu za watu, wanauliza nani anaishi wapi. Na wewe, Papa, kila picha uliandika nyuma yake: jina la mama anayetwanga mawe ya dhahabu kule Kamituga, jina la seremala wa hapa mjini, Kadutu, avenue anayoishi, hata rangi ya mlango. Ulikuwa ukinigombeza, "Mutu haiko kiti! Uliza jina yake kwanza, kisha njo upige picha." Heshima ile imegeuka hatari.

Mke wako, Maman Noela, aliniambia, "Furaha, choma. Batakuya kutafuta hao batu juu ya mapicha yetu." Nilimjibu vibaya, nikatoka bila kuaga. Nilijaribu kufuta majina, lakini wino wako umeingia ndani ya karatasi, na sura je, ningezifuta kwa kitu gani? Basi nikajaza picha kwenye mfuko wa unga, nikaanza kuzirudisha kwa wenyewe. Seremala aliitazama yake muda mrefu. Pale pichani ameshika randa, na karakana yake, ambayo sasa imeungua, bado iko nzima nyuma yake. Kisha akaichana mbele yangu.

"Mungu abariki Papa Bahati," akasema, "lakini miye niko na batoto."

Papa, siku ile nilikuchukia. Mbona wewe hukuogopa kamwe?

Wa Kamituga sikuweza kuwafikia. Barabara mbaya, hofu mbaya zaidi. Nikarudi kwa Maman Noela, na zao tukazichoma pamoja jana asubuhi kwenye mbabula, lile jiko lenu la makaa, pamoja na filamu zote za kamera, picha zisiweze kutolewa tena. Nilisoma kila jina kwa sauti kabla ya kuitia picha motoni. Maman akanikemea, "Soma na sauti ndogo, majirani banasikia!" Tukacheka. Halafu tukalia mpaka makaa yakazimika.

Kamera yako ninayo. Siku watu watakapofungua milango bila kuchungulia kwanza, nitapanda mpaka Kamituga kuwaomba picha upya. Naahidi.

Pumzika, Papa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Lakini hakuna hata mmoja aliyefuatwa kwa sababu yako.

Furaha