Kope za Shangazi Twilumba

Mpendwa shangazi,

Kamwene. Huko uliko huenda barua hazifiki, lakini nina habari, na wewe hukupenda habari ikupite.

Nakukumbuka pale Ipogolo, ukilima na kutwanga kabla jua halijakolea, maana nguvu zako zilikuwa za asubuhi tu. Mchana kope zilishuka, ulimi ukawa mzito, na nyama uliiacha sahanini kwa kuwa taya zilichoka kutafuna. Ukitaka kumtazama mtu, uliinua kope kwa kidole. Nilicheka, nawe ukacheka.

Balaa ni kwamba uliugua hivyo msimu wa ulanzi, mianzi ikigemwa kila kona. Mzee wa kanisa alikukuta mchana ukiongea kwa kukokota maneno, akaamini umelewa, ukatolewa kwenye kwaya. Wewe usiyewahi kuonja hata tone! "Kama ni ulanzi unaoniimbisha vile asubuhi," uliniambia, "basi na wao wanywe." Ulicheka peke yako siku hiyo. Mimi bado nina hasira kidogo.

Sasa sikia. Mwaka jana, huku Mbeya nilikoolewa, kope zangu nazo zilianza kushuka nikisahihisha madaftari ya wanafunzi. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inazuia ujumbe wa mishipa ya fahamu usifike kwenye misuli. Ni ugonjwa wa nadra. Nilipomsimulia habari zako, alisema huenda ndio uliokuwa nao. Ukoo haurithishani ugonjwa wenyewe, alisema, ila wepesi wa kuupata, na wengi wenye wepesi huo hawaugui kamwe. Ninameza vidonge, na nyama naitafuna hata jioni. Laiti nawe ungevipata.

Mwezi uliopita nilijifungua binti. Nikataka aitwe Twilumba, kama wewe. Mama mkwe akakataa katakata.

"Jina la mgonjwa huja na ugonjwa wake, mwanangu."

Alikuwa akilia, shangazi. Hakuwa na ubaya, aliogopa, na mimi pia niliogopa.

"Mama," nikamwambia, "mimi naitwa Rehema, na bado ugonjwa umenipata. Wepesi wa kuupata, mtoto ama ameshazaliwa nao, ama hana. Kilichobaki mikononi mwetu ni jina tu."

Kisha akambeba mtoto mgongoni, akatoka naye uani, nikamsikia akimwita kwa sauti ya chini, "Twilumba."

Pumzika kwa amani, shangazi yangu.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Rehema