Yustina Kobelo, Aliyemuundia Mumewe Kiti cha Mtiki

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Juni 1997 ulipotutoka hapa nyumbani Mji Mpya, Morogoro. Hadi leo kuna watu wanaopiga hodi na kuuliza, "Mama Pendo yupo?" kabla hawajakumbuka. Nasi tunawakaribisha ndani vilevile, maana ndivyo ulivyotulea.

Ulikuwa mtu wa kucheka kwanza, habari baadaye. Chai yako ilijaa tangawizi mpaka mgeni akatokwa na machozi, nawe ukamwambia ni dawa, anywe tu. Kiwandani, kwenye mitambo ya magunia ya mkonge, wenzako walikuita Mwalimu kwa jinsi vidole vyako vilivyojua kamba.

Kisha mambo yakaja kwa pamoja. Lori la mboga alilokuwa akisafiri nalo Baba liliteleza kwenye matope ya barabara ya Mgeta, akaumia mgongo. Hospitali wakamrudisha hai, lakini kukaa hakuweza. Kiti cha kawaida kilimchoma kama msumari, stuli ndiyo usiseme. Akawa mtu wa kulala chali na kutazama dari. Mwaka huohuo kiwanda kikauzwa kwa mtu binafsi, mkaambiwa kazi basi. Wengine wakaingia kwenye mitumba, wengine wakarudi shamba. Wewe ulikuwa na jambo jingine kichwani.

Ofisini kwa mhandisi wa kiwanda, aliyetoka Denmark, kulikuwa na kiti. Kilikuwa cha mbao tupu, hakina godoro wala nakshi, mgongo wake umelala nyuma kama mtu anayepumzika, mikono mipana, kikalio cha kamba iliyosukwa. Mhandisi alipenda kusema kwamba kwao viti vya namna ile vilitengenezwa tangu enzi za wazazi wake, na hakuna aliyeona haja ya kuvibadili. Ulikikalia mara moja, siku uliposhikwa na kizunguzungu kazini, na hukusahau jinsi kilivyokushika mgongo bila kuusukuma. Siku vyombo vya ofisi vilipopakiwa kwenda Dar, ukamsimamisha mpakiaji, ukatoa uzi wa mkonge, ukaanza kupima kila upande na kupiga fundo.

"Mama, unapima kiti au unapima maiti?" akakuuliza.

"Nampima mume wangu," ukajibu, na watu wote wakaangua kicheko.

Babu alikuwa seremala kule Turiani, na randa yake uliirithi wewe. Ukaanza kazi barazani, kwa mbao laini zilizopatikana karibu. Kiti kilipokamilika kilipendeza kweli. Tukambeba Baba, tukamkalisha. Mguu wa nyuma ukapasuka, akaanguka, akalia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

Hakutaka tena habari za kiti. "Mama Pendo, niache," alisema, uso kaugeuzia ukutani. "Nilale tu mpaka Mungu aniite."

"Akikuita, akukute umekaa," ukamwambia, ukatoka nje.

Ulilia nyuma ya jiko, Mama. Tulikuona. Halafu ukanawa uso, ukakichukua kile kiti kilichovunjika na kukichunguza kiungo kwa kiungo, mpaka ukaligundua kosa: mguu uliopinda ulikuwa umeukata kwenye ubao ulionyooka, nyuzi za mti zikakatika katikati. Ukamwomba mdogo wako, Mjomba Ernest, akuletee mtiki kutoka Mtibwa, na si mtiki wowote, bali vile vipande vilivyoota vimepinda, ambavyo wapasua mbao walikuwa wakivitupa.

Mjomba alidhani umechanganyikiwa. "Dada, watu wanatafuta mbao zilizonyooka!"

"Mimi natafuta zinazojua kuinama."

Masika yakaisha ukiwa bado unachonga. Hukutia msumari hata mmoja. Kila ubao uliuchonga ulimi, ukauingiza kwenye tundu la mwenzake na gundi, ukauacha ushikane taratibu. Kikalio ulikisuka kwa mkonge, goti likiwa limeikandamiza kamba ili ikaze. Ulipomaliza hukumwita Baba. Ulimwita jirani yetu Mikidadi, mzito kuliko wote mtaani, ukamkalisha kutwa nzima, na chakula ukamletea hapohapo. Kiti hakikutoa hata mlio.

Baba alikubali kwa kukuonea huruma, mwenyewe amekiri. Tukamkalisha barazani. Akafumba macho akingoja maumivu, sisi tukiwa tumezuia pumzi. Akangoja. Akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akaitazama Uluguru iliyokuwa imejifunika ukungu, akashusha macho hadi ng'ambo ya njia.

"Mikidadi, kumbe umepaka nyumba rangi?"

"Tangu Idi, kaka."

Ukaketi chini kwenye ngazi, ukacheka mpaka ukajifuta machozi kwa khanga.

Kwenye kiti kile Baba alijifunza kuinuka, baadaye kusimama, na hatimaye kutembea kwa fimbo hadi kanisani. Watu walikusifu, nawe ukawajibu kwamba umeiga tu kazi ya mafundi wa Denmark. Lakini ni nani mwingine aliyeona kiti ofisini kwa bosi, akamwona mgonjwa wake ndani yake?

Moyo wako ulipoanza kuchoka, miguu ikavimba, na ukilala pumzi zinakukatika. Asubuhi moja Baba akainuka kitini, akakuambia, "Kaa wewe."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nimekaa vya kutosha, Mama Pendo. Nitasimama."

Ukakaa. Naye akasimama kando yako, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani mwako, akawapokea wote waliokuja kukujulia hali. Mikidadi alitaka kumletea stuli. Mkewe, Mwanaheri, akamshika mkono, akamwambia, "Mwache."

Unakumbukwa na mumeo Gabrieli, binti yako Pendo na wadogo zake, mdogo wako Ernest na ukoo wote wa Turiani na Mgeta, jirani zako Mikidadi na Mwanaheri, pamoja na wenzako wa kiwandani popote walipo.

Pumzika, Mama. Tutakukumbuka siku zote tulizojaliwa.