Ameumia Kidogo

Jumatatu, 2 Juni

Nyarugusu, machimboni Geita. Makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yameanza kuunguruma kabla sijanywa chai. Mashine mbili, zote zangu, moja inataka beringi mpya. Nimeibembeleza, imegoma. Nimeitukana, imewaka.

Hapa wananiita Dubai. Nilifika huko, wiki moja kasoro, nikarudi na suti. Nani mwingine kijiji hiki amefika? Basi.

Redio ya mama ntilie imesema vikosi vyetu vya kulinda amani kule magharibi, ng'ambo ya ziwa, "vinasonga mbele kwa ari kubwa." Shija, mtoto wa dada yangu, yuko huko. Urefu wangu, sura nusu yangu. Nimemwambia mama ntilie aongeze sauti, na mchuzi.

Jumatano, 4 Juni

Leo hawakusema vinasonga. Wamesema "vinashikilia maeneo yao." Nimeacha kula. Shule niliishia darasa la sita, lakini kitenzi kikibadilika nasikia.

Kazi hii naijua. Duara, yaani shimo la dhahabu, likititia hapa machimboni, nani anatumwa kwa familia? Dubai. Nina mdomo mtamu na moyo mpana, hata maadui wangu wanakiri. Kwanza nasema jamaa amechelewa kupanda. Kesho yake nasema ameumia kidogo, yuko hospitali, njooni. Wakikaribia wanaliona turubai limefungwa, wanajua wenyewe. Neno kufa halijatoka kinywani mwangu hata siku moja.

Serikali zote duniani zinafanya kazi yangu. Tofauti wao wana mshahara na tai.

Alhamisi, 5 Juni

"Vimejipanga upya." Maana yake wamekimbia. Si aibu. Mimi nimekimbia sehemu nyingi, na kwa ustadi.

Dereva aliyeshusha dizeli hapa ametokea Isaka. Anasema malori ya kwenda magharibi yamepanga foleni, hayatoki, na ule mji ambao vijana wetu walikuwa wanaulinda umeshachukuliwa zamani. Redio itafika huko taratibu, kwa vituo, kama basi la Kahama.

Dada amepiga simu kutoka Ibadakuli, kule Shinyanga. Kujipanga upya ndiyo kufanyaje? Nikamwambia ni kama kuhama foleni ya dirisha hili kwenda dirisha lile. Akacheka. Nimejipongeza sana.

Ijumaa, 6 Juni

Msemaji amewashukuru wananchi kwa utulivu wao. Utulivu gani? Hatujaambiwa kitu cha kututoa utulivu. Halafu akawaomba viongozi wa dini waendelee kuwaombea vijana.

Hapo ndipo mimi huwa natuma mtu akaazime turubai. Naogopa.

Jumamosi, 7 Juni

Namba ngeni. Sauti ya afisa, yenye adabu. Shija aliandikisha namba yangu kwa sababu simu ya mama yake haikai na chaji.

"Mzee wangu, kijana ameumia kidogo mguuni. Anaendelea vizuri."

"Asante, baba. Mwili unafika lini?"

Kisha akarudia, polepole, kama anasemesha kiziwi: "Ameumia kidogo, mzee."

Ananiambia nani? Hilo "ameumia kidogo" nimelisema kwenye milango ya nusu ya watu wa Geita! Nikamshukuru tena, nikakata.

Nimezima makarasha. Nimelia nyuma ya tanki la maji, kwa kelele, kama ninavyofanya kila kitu.

Jumapili, 8 Juni

Ibadakuli. Ndani ya basi nimepanga ngazi yangu vizuri. Nianzie chini kabisa, nipande taratibu.

Nimefika, nimesalimia, nimekaa. "Dada, Shija anaumwa tumbo."

Kipandio cha pili sikukifikia. Aliitazama suti. Hilo ndilo kosa langu, nilivaa suti ya Dubai kupeleka habari ya tumbo. Akasema, "Bhebhe, wewe, unaniona mtoto?" Halafu akaenda chini pale pale kwenye mabua ya mahindi, akapiga ukunga, majirani wakafika wakikimbia na mikono yenye unga.

Mchana turubai lilikuwa limefungwa. Wanaume wamekaa nje, wanawake wanasonga ugali. Nimenunua mbuzi wawili, bei sikuuliza. Msiba wa kwangu hauwezi kuwa wa maharage.

Kila anayefika anasema Shija alikuwa mchapakazi. Alikuwa mvivu hatari. Nimeitikia tu.

Jumatatu, 9 Juni

Simu yangu imeita katikati ya waombolezaji.

"Mjomba, shikamoo."

"Nani wewe?"

"Shija. Nipo hospitali. Hizo kelele za nini hapo?"

"Tunakulilia, mpumbavu wewe!"

Dada alikataa kuishika simu. Eti serikali imetafuta kijana mwenye sauti inayofanana. Tulimbembeleza. Mwisho akaishika kwa ncha za vidole, akauliza: yule ng'ombe aliyekupiga teke siku ya kipaimara aliitwa nani? Shija akamtaja. Akaongeza kwamba aliyemchokoza ng'ombe ni mjomba. Kweli kabisa, ni mimi.

Kigelegele alichopiga dada nadhani kimefika uwanja wa ndege. Mzee mmoja aliyekuwa analia kuliko wote akauliza kama chakula bado kipo. Wapishi wakauliza mbuzi wa pili achinjwe au arudi. Achinjwe. Watu walishakaa.

Shija akaomba nisogee pembeni. Nikaenda hadi kwenye uzio wa minyaa. Akaniambia. Wamemkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

"Usimwambie mama sasa hivi, mjomba. Wewe unajua kumwandaa mtu."

Kwa hiyo "kidogo" ya afisa haikuwa kifo. Wala haikuwa kidogo.

Nimerudi chini ya turubai. Nimecheza ngoma na wazee. Nyama sikuigusa.

Jumatano, 11 Juni

Turubai limerudi kwa mwenyewe. Dada anaimba akifagia. Ameuliza iwapo Shija akirudi atacheza mpira na wenzake kule Old Shinyanga kama zamani. Nikasema, kwanza apumzike.

Kipandio cha kwanza hicho. Nilisikia mdomo wangu unatembea wenyewe, laini, kama wa msemaji. Sikuupenda.

Kesho ningesema kidonda kinachelewa kupona. Keshokutwa, madaktari wanaangalia la kufanya. Naijua ngazi yote, naweza kuipanda nimefumba macho. Lakini dada ameshamlilia mtoto akiwa mzima mzima. Sasa nimlize tena, kipande kwa kipande?

Na jambo jingine. Yule afisa aliniambia yu hai, nikasikia maiti. Ni mimi huyu huyu niliyelichafua hilo neno "kidogo."

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia. Suti nimeiacha msumarini.

Alikuwa uani, anapeta karanga. Nikasema, "Dada, wamemkata Shija mguu." Ungo ukasimama.

"Upi?"

"Wa kushoto."

"Mpaka wapi?"

Nikaonyesha kwenye mguu wangu. Akautazama mguu wangu muda mrefu, kama fundi anayechukua kipimo. Nilisubiri ukunga. Haukuja. Akasema, "Mpira alikuwa anapigia wa kulia." Akaendelea kupeta.

Nikavuta kigoda, nikaanza kumenya karanga, kazi ambayo watu wa Dubai hawafanyi. Vumbi la maganda lilinipanda hadi kwenye kope.

Redio ya jirani ilikuwa inaongea peke yake dirishani. Msemaji yule yule. Akasema baadhi ya vijana wetu wamepata majeraha madogo na wanaendelea vizuri.

Dada hakuinua kichwa. Aliisahihisha tu ile redio, kwa sauti ya chini, huku ungo unacheza mikononi.

"Wa kushoto," alisema. "Chini ya goti."