Anayeniitikia Salamu

3 Machi

Mama, shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi sijambo, ila kozi ya kompyuta inanitoa jasho. Tunaandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata neno kwa neno. Kila siku zoezi! Sasa mwalimu anataka kila mmoja atengeneze kitu cha kumfaa mtu anayemjua. Nimekuchagua wewe. Subiri uone!

Mwanao, Chiriku

19 Machi

Chiriku wangu, marahaba. Siku hizi nikikuandikia, hata simu sijaiweka chini, umeshajibu! Nimewatambia mafundi cherehani wenzangu: mwanangu hanisahau. Macho ndiyo yananitesa, sindano naitunga kwa kupapasa. Nitapasuliwa Jumatano. Naogopa, mwanangu. Utakuja unishike mkono?

Mama yako

19 Machi

Shikamoo mama. Nimefurahi kusikia. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Wasalimie wote.

Mwanao, Chiriku

2 Aprili

Chiriku, hujambo? Nilipasuliwa, jirani ndiye aliyenirudisha nyumbani. Nikakuandikia kwamba jicho la kushoto halioni tena. Ukafurahi kusikia. Jana nikakuandikia, "Mama yako amekufa." Ukafurahi tena, ukasema niwasalimie wote. Niwasalimie wapi, kaburini? Nani huyo anayeniitikia?

Mama yako

3 Aprili

Mama, shikamoo. Sina pa kuuficha uso. Ni programu yangu, lile zoezi. Ikiona ujumbe wako, inajibu. Nilidhani salamu zetu ni zilezile kila siku, hata mashine inaziweza. Mwalimu alisema kabla hujatengeneza kitu, muulize mtu anahitaji nini. Mimi sikukuuliza. Tena darasa zima lilinipigia makofi, kumbe wewe umelala na bandeji jichoni. Naona aibu, mama. Nisamehe. Nimeizima. Kuanzia leo nitakujibu mwenyewe, naapa.

Mwanao, Chiriku

30 Mei

Chiriku, hujambo? Nimeandika weee, kimya. Sikulaumu, masomo ni masomo. Jicho moja linanitosha, upindo bado naushona ukanyooka. Pengine nilikusema vibaya siku ile, na hilo linanikaa rohoni.

Ulisema ulitakiwa uniulize nahitaji nini. Haya, nakwambia bila kuulizwa: nahitaji kuitikiwa. Kama wewe huna nafasi, mwanangu, mwashe yule mwenzio. Nitamwandikia salamu tu, ya macho sitamwambia.

Mama yako