Nyundo ya Sostenes

Segese

Wifi yangu Ritha,

Hamjambo hapo Kambarage? Huku mvua imetukumbuka, karanga zimetoa maua, na yule kuku uliyetuletea ametotoa. Nakuandikia kwa kuwa nikipiga simu kaka yako atanisikia.

Daktari alisema msuli wa moyo wake umetanuka na kulegea, hausukumi damu vizuri, aache kuponda mawe ya dhahabu. Sostenes akacheka, akanikunjia mkono: "Na huu je, si ulitanuka kwa nyundo? Msuli ukikua ni nguvu, Mama Boaz." Akarudi kuponda, mpaka miguu ikavimba na akawa analala ameketi.

Nikaificha nyundo. Kila asubuhi tukagombana, anapekua hadi kwenye gunia la mahindi.

Jana niliirudisha mwenyewe, nikaiweka miguuni pake, nikitamani anifokee tena. Aliitazama tu, akaniomba nimwongezee mto mgongoni.

Njoo na mama, wifi. Usimweleze kitu njiani. Mwambie mnakuja kuona vifaranga.

Ni mimi wifi yako,
Martina