Wa Kumwamkia

Jumamosi. Asubuhi mvua ya rasharasha, mchana baridi ya milimani, na sasa nimerudi Tanga kwenye joto letu. Mgongo unaniuma kwa kuendesha gari, nami nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Tangu Mama Mkubwa afariki, yaani dada yake Mama, Mama amekuwa na neno moja analolirudia: "Sasa sina wa kumwamkia." Mwanzoni sikumwelewa. Mtaa mzima humpa shikamoo, watoto, wauza samaki, hata imamu wetu mwenye mvi. Kutwa yeye ni marahaba, marahaba. Lakini wa yeye kumpa shikamoo hakubaki hata mmoja. Mimi yangu humtupia nikiwa nimeshika funguo za gari, mguu mmoja nje.

Wiki iliyopita akasema, "Yuko Sista Agata. Kama yu hai."

Sista Agata ndiye mtawa aliyemfundisha Mama kushona, katika konventi ya zamani kule milimani, njia ya Lushoto. Babu alikuwa dereva wa lori la mboga huko, na Mama alikuwa msichana tu. Kushona huko ndiko kulikotulea sote baada ya Baba kufariki. Nilitaka kupiga simu konventini kumuulizia. Mama akakataa katakata.

"Ukipiga wakakwambia keshakufa, hata safari sina. Wacha twende."

Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri. Muheza tukanunua machungwa. Kuanzia Mombo barabara ikapanda, mwamba upande huu, bonde upande ule, na mto chini yetu ukiteremka kwa kelele kuelekea tulikotoka. Mama, aliyekuwa akiniambia "kawia ufike" kila kona, alinyamaza alipouona mto. Halafu akaanza kunionyesha. Pale walikuwa wakifua. Pale lori la Babu lilinasa kwenye tope, wakalala humo humo. Ile migomba haikuwepo. Alicheka peke yake kama msichana, na mimi nikazidi kuogopa.

Maana tulikuwa tunakwenda kwa mtu ambaye huenda ni kaburi.

Konventi ni ile ile ya Wajerumani, kuta nene za mawe, sakafu nyekundu inayong'aa mpaka unaona haya kuikanyaga. Sista mmoja kijana akatupokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo". Mama, na buibui lake, akajibu, "Milele amina." Akaniona nimemkodolea macho.

"Ndiyo adabu ya nyumba yao," akasema.

Akamuulizia Sista Agata. Yule sista akamtazama Mama, kisha mimi. Nikashika mkono wa Mama.

"Yupo," akasema. "Ila siku hizi hatambui watu."

Tulimkuta amekaa dirishani, shali mabegani, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Mama akapiga goti. Mama yangu huyu, ambaye kwa ubovu wa magoti yake huswali kwenye kiti.

"Shikamoo, Sista."

Akarudia. Bibi wa watu alikuwa akitazama kabichi bustanini.

Nilitaka kumwinua Mama tuondoke, kabla hajavunjika moyo zaidi. Yeye akaingiza mkono kapuni, akatoa foronya aliyoitarizi wiki nzima, akamwekea mapajani. Sista Agata hata hakuyatazama maua. Aliigeuza ndani nje, akapapasa upande wa nyuma kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kidole kikakwama.

"Fundo kubwa," akasema. "Nimekwambia mara ngapi, Zaina?"

Mama akawa anacheka na kulia pamoja.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu."

Tulikaa mpaka adhuhuri. Mara alimtambua, mara alimuuliza ni nani, na kila alipouliza Mama alimwamkia upya. Sidhani kama ilimchosha. Masista wakatumenyea machungwa yetu wenyewe, wakatupa jamu na kabichi kubwa ambayo imenukia garini njia nzima. Alhamdulillah kwa kabichi hiyo. Alhamdulillah kwa watu waliomtunza bibi yule na kwa mto ule ambao haujakauka. Na namshukuru Mungu kwamba sikupiga simu, kwani wangeniambia hatambui watu, nami ningeona hakuna haja ya kwenda.

Tuliposhuka karibu na Mombo, Mama akasema, "Umesikia? Nimeitwa mwanangu." Ana wajukuu wanaokaribia kuoa.

Sasa hivi yuko sebuleni na kitambaa kingine, miwani puani, anajaribu kufunga fundo dogo. Ameshanisonya mara mbili kwa kumzibia taa.

Kesho asubuhi nitamwamkia nikiwa nimekaa, funguo zikiwa mezani, na nitangoja mpaka aitikie.